Saba ya Laini Saba Haijumlishwi
Mhadhara wa umma kuhusu namba, majina na ukaidi wa kompaila



Darasani huwa naanza na swali la kitoto. Ile saba ya Laini Saba, ukiijumlisha na moja, unapata nini? Wanafunzi hucheka, na hakosi mmoja wa kujibu kwamba unapata Mashimoni. Ni utani, lakini utani wenye akili. Saba hiyo imevaa nguo za hesabu ilhali inafanya kazi ya jina, sawa na Mashimoni, Lindi, Silanga na Makina, vijiji vingine vya hapa Kibera. Matatu ya 46 nayo ikikosekana stejini, hupandi ya 23 mara mbili ukatarajia kushuka Kawangware. Na Saba Saba, ile ya mkutano wa kisiasa wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai 1990, haijawahi kuwa kumi na nne.

Haya sisi tunayajua bila kufundishwa. Kompyuta haiyajui mpaka iambiwe, na ikiambiwa vibaya hukataa kazi. Kukataa huko ndiko nitakakokuzungumzia.

Kuna binti ninayemfundisha lugha ya programu ya Java siku za Jumamosi, kwenye laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani. Umeme ukipotea, somo limekwisha. Mama yake anauza maji kwa mtungi wa lita 20, na hesabu zote ziko kwenye daftari la shule. Binti aliamua kuandika programu ya kurithi kazi ya daftari. Alianza na vitu viwili vya aina ya int, yaani namba nzima: int mitungi, yaani idadi ya mitungi aliyochukua mteja, na int simu, yaani namba ya simu ya mteja huyo. Kisha akataka kuhakikisha kwamba namba ya simu ina tarakimu kumi, akaandika simu.length(). Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, ikamrudishia ujumbe: int cannot be dereferenced.

"Mwalimu, imekataa tena," akaniambia. "Inasema nini?"

Kiingereza hicho hata Waingereza hawakiongei nyumbani kwao. Mimi nilimweleza hivi. Huku kwetu mtu akitaka kufika kwako humpi namba ya barabara. Unamwelekeza: fuata reli, ukiona kinyozi shuka kushoto, uliza kwa mama wa mandazi. Maelekezo si nyumba, ila mtu akiyafuata hufika nyumbani, akabisha hodi, akauliza anachotaka. Objekti katika Java zinaishi hivyo. Kigeu cha objekti hubeba maelekezo, na ile nukta unayoandika baada ya jina maana yake ni "fuata maelekezo, ukifika mwombe mwenyewe akufanyie jambo fulani". Jambo hilo ndilo methodi. Lakini int haibebi maelekezo. Ni kama sarafu ya shilingi ishirini iliyo kiganjani mwako. Huwezi kumwuliza mtu njia ya kwenda kwenye ishirini uliyoishika. Hakuna pa kwenda, wala hakuna wa kubishiwa hodi.

Java ina aina nane za namna hiyo, tuziite aina za msingi: byte, short, int, long, float, double, char na boolean. Hakuna hata moja inayopokea nukta.

Wenye Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Tunasema watu wawili, viti vitatu, miti minne, watoto watano, viti vinane. Tukifika sita, saba na tisa, viambishi vinagoma: watu saba, viti saba, miti saba. Maneno hayo matatu yametoka Kiarabu, na mtu angesema ugeni ndio unaoyafanya makaidi. Lakini kumi ni la Kibantu tangu asili na halipokei kiambishi vilevile. Marehemu nyanya yangu akimsikia mtu akisema "watu wasaba", hakushindwa kumwelewa. Alimwelewa barabara, kisha akamkatalia. Kompaila nayo ilimwelewa binti yule. Ilijua simu ni kigeu gani na ni cha aina gani. Ilichokataa ni kiambishi juu ya neno lisilopokea kiambishi.

Sasa, dawa. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta dawa ya kunyamazisha kompaila.

Jaribio la kwanza la binti lilikuwa kubadilisha int kuwa Integer. Hiyo ni klasi inayoifunga int ndani ya objekti, kama sarafu iliyotiwa kwenye bahasha. Bahasha ina anwani, kwa hiyo nukta sasa inaruhusiwa. Kompaila ikakataa tena, kwa maneno mengine: imefika kwenye Integer, imebisha hodi, lakini humo ndani hakuna methodi inayoitwa length. Na kwa nini iwepo? Urefu wa namba ni kitu gani? Saba ina urefu gani?

Jaribio la pili lilikuwa String.valueOf(simu).length(), yaani igeuze namba iwe mfuatano wa herufi, kisha upime urefu. Kompaila ikanyamaza. Binti akafurahi, akaendesha programu, akaingiza namba ya mama yake. Programu ikajibu kwamba namba hiyo ina tarakimu tisa.

Sifuri ilikuwa imekwenda wapi? Ilipotea pale mwanzo kabisa, namba iliposomwa kama int. Kwa hesabu, 0712 na 712 ni kitu kimoja, na mashine haioni haja ya kutunza sifuri isiyo na thamani. Angeiandika ndani ya msimbo mambo yangekuwa mabaya zaidi: Java ikiona namba nzima inayoanza na sifuri huichukua kuwa imeandikwa kwa msingi wa nane, hivyo 0712 inageuka 458 bila onyo lolote. Angeanza na 254 badala ya sifuri, tarakimu kumi na mbili zisingeenea, kwa sababu int hukomea 2,147,483,647.

Nilimwambia afunge msimbo kwanza, kisha aitaje namba ya simu ya mama yake kwa sauti. Akasema sifuri, saba, moja, mbili, akaendelea mpaka mwisho, moja moja. Nikamwuliza mbona hakusema milioni mia saba na kumi na mbili na kitu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu, kisha akaifungua programu mwenyewe, akaandika String simu. Mstari wa simu.length(), uleule uliokataliwa tangu asubuhi, ukapita bila kuguswa.

Ndiyo maana siwashangilii wanaofundisha kwamba ujumbe huu unatibiwa kwa kubadilisha int kuwa Integer. Kompaila ilikuwa imeuliza swali: kitu hiki ni hesabu au ni jina? Kuifunga sarafu kwenye bahasha si jibu la swali hilo.

Kuna upande wa pili. Kwenye idadi ya mitungi binti aliandika mitungi.equals(0), kwa kuwa alishafundishwa kwamba maneno hulinganishwa kwa equals na si kwa alama mbili za usawa. Ujumbe ukawa uleule. Lakini mitungi ni hesabu ya kweli: inajumlishwa, inazidishwa kwa bei. Aina ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa la nukta, na dawa ni mitungi == 0. Ujumbe mmoja, dawa mbili zinazopingana. Hapa nawaomba wanafunzi wasikilize, hasa wale wa nyuma wenye simu mkononi. Mtu angeisikiza mitandao akaigeuza mitungi kuwa Integer, kompaila ingetulia, equals ingefanya kazi, na mtego ungekuwa umetegwa. Siku moja angelinganisha Integer mbili kwa ==. Kwa mitungi 5 ingekuwa kweli. Kwa 127, kweli. Kwa 128, si kweli! Java hutunza bahasha zilizokwisha kutengenezwa za namba kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena. Zaidi ya hapo, kwa kawaida hutengeneza bahasha mpya, na alama ile hulinganisha bahasha, si sarafu. Duka lingeenda sawa wiki nzima, kisha mteja mmoja wa hoteli afike mtungi wa 128 mwisho wa mwezi, na hesabu zigome bila mtu kujua sababu.

Mtauliza kwa nini lugha itengenezwe hivi. Lugha ya Smalltalk ya miaka ya 1970 ilifanya kila kitu objekti, hata namba. Waliotengeneza Java katika kampuni ya Sun, wakiongozwa na James Gosling, waliijua njia hiyo wakaiacha kwa ajili ya kasi na nafasi: int ni baiti 4, ilhali Integer kwenye mashine ya kawaida ya biti 64 huchukua kama 16, bila kuhesabu maelekezo ya kuifikia. Java ilitolewa 1995, na mwaka 2004 toleo la tano likaanza kufunga na kufungua bahasha lenyewe. Lugha ya Kotlin imeficha mpaka wote nyuma ya pazia. Ndani yake unaandika 7.toString() bila ugomvi. Ni raha, nakubali. Ila Kotlin nayo ingeimeza ile sifuri ya simu.

Hapa najipinga kidogo, maana mtanikumbusha ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka na vifaa vya GPS wakaiweka Kibera kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, ambako ilikuwa karibu tupu. Kila nukta waliyoweka ina namba yake, na namba hiyo ni jina tupu, haijumlishwi. Hata hivyo hutunzwa kama hesabu kwa sababu ni nyepesi kutafuta. Mapema 2013 namba hizo zikavuka 2,147,483,647, na programu zilizokuwa zikizitunza kwenye int zikalazimika kuhamia long, yenye nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo jina laweza kukaa ndani ya namba, mradi aliyeliweka anajua amefanya nini.

Juma lililofuata binti alileta daftari la mama yake ili tunakili wateja. Nililifungua katikati. Mitungi ilikuwa imeandikwa kwa vijiti, vinne na cha tano kikivikata kwa mshazari. Pesa zilikuwa na alama ya /= mwishoni. Na namba za simu zilikuwa zimeandikwa kwa tarakimu, kila moja na sifuri yake.