Kusafiri Ng'ambo kwa Ziara: Yatakiwayo Mlangoni pa Nchi za Wengine

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



Tumeombwa tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo mwaka huu limeleta maneno mengi katika Chama chetu kuliko hata ada na michango ya mazishi. Nalo ni jambo la ruhusa ya kuingia nchi za ng'ambo, ambayo kila mtu siku hizi huiita viza. Zamani habari hii ilikuwa ya wanafunzi na wakubwa wa Serikali. Leo ni habari ya mama mzee wa Njoro ambaye binti yake amejifungua Ulaya na anataka mama aje amwogeshe mtoto, na ni habari ya baba wa Molo aliyealikwa kuona mwanawe akipewa shahada. Watoto wetu wametawanyika, nao watuita.

Kabla hatujaeleza taratibu, yatupasa kuungama kosa letu sisi wa kamati, maana wengine wenu mmelisikia njiani likiwa limekwisha kugeuzwa sura. Mwanachama mwenzetu wa upande wa Bahati alialikwa arusi ya mwanawe katika nchi moja ya Ulaya. Alipoleta taarifa yake ya benki tuitazame, tuliona fedha ya maziwa ikiingia kila mwezi kidogo kidogo na kutoka vivyo hivyo, tukaona haya kwa niaba yake. Basi tukakata shauri kumsaidia. Tukatoa shilingi laki nne katika akiba ya Chama, tukaziweka katika hesabu yake majuma matatu kabla ya kupeleka maombi, tukasema, sasa huyu ataonekana mtu. Nia ilikuwa njema. Jibu lilipokuja lilikuwa limeandikwa kwa adabu: fedha nyingi imeingia kwa ghafula, asili yake haikuelezwa, kwa hiyo hatuamini kwamba ni mali ya mwombaji. Akanyimwa. Arusi ilifungwa bila baba.

Fedha ya Chama ilirudi yote, na mweka hazina ana risiti. Lakini ada ya maombi haikurudi, wala hairudi kwa mtu ye yote aliyekataliwa. Na lililotuuma zaidi ni kwamba mzee yule alikuwa na ukweli wa kutosha. Ana hati ya shamba yenye jina lake. Ana ng'ombe, na chama cha ushirika kingeweza kuandika barua kueleza amepeleka maziwa kwa miaka mingapi. Mwanawe ana kazi, naye angeweza kuandika kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yake. Hayo yote tuliyaacha nyumbani, tukapeleka uongo. Afisa anayesoma maombi hatafuti tajiri. Atafuta kujua mambo mawili: nani atalipa gharama ya safari hii, na kitu gani kitamrudisha mtu huyu kwao. Ng'ombe wa kukamuliwa alfajiri ni jibu zuri kwa swali la pili kuliko laki nne za kuazima.

Sasa tuanze mwanzo, yaani kwenye hati ya kusafiria. Ofisi ya pasipoti ipo hapa hapa Nakuru, wala hapana haja tena ya kulala Nairobi kwa ajili hiyo. Maombi hujazwa kwa mtandao wa Serikali uitwao eCitizen, kisha mtu huenda mwenyewe na karatasi zake, apigwe picha na kutiwa alama za vidole. Shida ya wazee wetu si mtandao, kwa kuwa mjukuu ye yote ataujua. Shida ni cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu tulizaliwa katika mashamba ya walowezi, Subukia, Solai, Rongai, Elburgon, juu ya ngozi ya ng'ombe, na mkunga hakuwa na kitabu. Kitambulisho kinasema mwaka tu, na mwaka wenyewe ulikisiwa na karani kwa kutazama mvi. Mtu wa namna hii huomba cheti kwa njia ya uandikishaji wa kuchelewa, nayo huchukua muda. Aangalie pia majina. Ikiwa kitambulisho chasema Njoroge Kamau na cheti chasema Kamau Njoroge, basi kwa macho ya ubalozi hao ni watu wawili. Rekebisheni hayo mapema, hata kama hamna safari.

Twajua wapo hapa wazee ambao moyo hurudi nyuma wasikiapo habari ya alama za vidole na kueleza waendako. Si ajabu. Sheria ya kuandikisha Waafrika iliyotungwa mwaka 1915, na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, iliwavisha baba zetu kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, wala mtu hakuweza kuacha kazi kwa bwana mmoja bila bwana huyo kutia sahihi. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya Oktoba 1952, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Bonde hili wakatakiwa kuwa na vitabu vya pasi hata kwa mwendo wa mji na mji. Mzee mmoja alituambia mwaka huu, "Mimi nilitolewa alama za vidole nikiwa kijana katika nchi yangu, sitatolewa tena nikiwa mgeni." Hatukumbishia. Ila tulimweleza tofauti: huku waenda kwa hiari yako kubisha hodi, na kule hodi ilibishwa kwako. Akacheka, lakini hakwenda.

Viza ni nini hasa? Ni ruhusa ya kufika mlangoni na kuomba kuingia. Hili halieleweki vizuri kwa watu wetu. Mtu hupewa viza ya Marekani, akaona imeandikwa miaka kadhaa, akadhani anaweza kukaa miaka hiyo yote. Sivyo. Tarehe iliyo kwenye viza ni ya kufika. Muda wa kukaa huamuliwa na afisa wa mpakani siku ile mtu anaposhuka ndegeni, na afisa huyo ana haki ya kumrudisha. Kwa hiyo barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji zisifungwe ndani ya sanduku lililo tumboni mwa ndege. Zikae mkononi.

Marekani wana sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 (mwaka ule ule wetu mgumu), na kifungu chake cha 214(b) kinasema kwamba kila aombaye viza ya ziara ahesabiwe kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba sivyo. Tazameni vizuri maneno hayo. Katika mahakama yetu mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Katika dirisha lile la Gigiri mambo ni kinyume. Asiyejua hivyo hufikiri ametukanwa. Mahojiano nayo ni mafupi, pengine dakika tatu, na karatasi nyingi ulizobeba huenda zisitazamwe kabisa. Ndiyo maana yale yaliyojazwa katika fomu ndiyo yenye uzito. Ada ni dola 185 tangu Juni 2023. Na mtu akikutwa amesema uongo katika jambo kubwa, sheria yao yaweza kumfungia mlango maisha yake yote. Waingereza nao huweza kumfungia mdanganyifu miaka kumi.

Kwa Ulaya, nchi 29 zimeungana katika mpango wa Schengen, hata viza moja yatosha kwa zote: Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uholanzi na nyinginezo. Uingereza na Ireland hazimo, na kila moja ina viza yake. Viza ya Schengen haimpi mgeni zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na hati ya kusafiria isiyozidi miaka kumi tangu kutolewa, yenye kurasa mbili tupu, na yenye uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe siku 15 za mwisho. Akataliwaye hupewa sababu kwa maandishi na anaweza kukata rufani. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuandika uso na vidole vya wageni wanaoingia na kutoka, kwa mitambo, hata aliyezidisha siku moja atajulikana.

Afadhali tuseme pia habari za karibu. Kwenda Uganda na Rwanda, kitambulisho kimetosha tangu mwaka 2014. Afrika ya Kusini iliondoa viza kwa Wakenya kuanzia Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa baada ya siku kumi, na tangu Julai 2016 hati yake ni ya maisha, kwa hiyo msilipe mara ya pili kwa mtu atakayewaambia imekwisha. Na sisi wenyewe tuliondoa viza kwa wageni Januari 2024, tukaweka ruhusa ya kuombwa kwa mtandao. Hata watalii wanaokuja kutazama ndege wa ziwa letu nao hujaza fomu, na baadhi yao hulalamika kama sisi.

Je, aliye mkubwa hupita kwa wepesi? Mnakumbuka Julai 2022, Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wetu wa mbio fupi, alipokuwa akingojea viza ya kwenda mashindano ya dunia huko Eugene, Oregon. Ilitoka siku moja kabla ya mbio. Akaruka usiku, akafika saa chache tu kabla ya kusimama mstarini, na miguu ikiwa bado imelewa ndege, naye bado akafuzu kuingia nusu fainali. Bendera ya taifa haikufupisha foleni. Vijana wetu wa Bonde la Ufa waendao kukimbia mbio za barabarani, ambao fedha ya tuzo ndiyo karo ya wadogo zao, wangefanya vema kuomba tarehe ya mahojiano kabla ya kuanza mazoezi.

Wapo wasemao kwamba shida hii ni ya zama hizi. Mwaka 1959 Tom Mboya na wenzake walipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, na mwaka uliofuata Wangari Maathai akawa miongoni mwa waliofuata, kazi kubwa haikuwa ndege peke yake. Ilikuwa chuo kilichokubali, hati, na fedha iliyochangwa na kujulikana asili yake. Harambee nyingi zilifanyika hadharani, na kila aliyechanga aliandikwa. Sisi katika kamati tulikuwa na mfano huo mbele yetu, tukaenda kufanya jambo letu gizani.

Juu ya mawakala hatutasema mengi. Hakuna wakala anayeweza kuuza viza, kwa kuwa haimo mkononi mwake. Akikuhakikishia, ondoka. Wanachama wawili walitoa fedha mwaka huu kwa mtu mwenye ofisi ya kupanga, na ofisi sasa ni duka la viatu.

Basi kamati imekata mashauri haya, nayo yaletwa kwenu mpige kura. Fedha ya Chama isiwekwe tena katika hesabu ya mtu kwa ajili ya kuonyeshwa. Badala yake mwanachama anayealikwa ng'ambo aweza kukopeshwa ada na nauli ya kwenda Nairobi, kwa hati ya mkopo iliyo wazi, naye aweza kuionyesha kwa ye yote. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya saa nne asubuhi, watu wawili wa kamati watakaa hapa ukumbini kusoma fomu pamoja na mwenye safari na mjukuu wake, neno kwa neno, kabla ya kupelekwa. Hawatajaza kwa niaba yake.

Mzee wetu wa Bahati amekubali kuomba tena. Mwanawe amepata mtoto, na ubatizo ni mwezi wa Agosti. Katika fomu mpya kuna swali liulizalo kama mwombaji amewahi kukataliwa viza. Ameandika ndiyo, ametaja tarehe, na ameeleza kwamba fedha ile ilikuwa ya Chama. Barua ya kuthibitisha hayo imetiwa sahihi na Mwenyekiti, mweka hazina, na mwandishi, nasi tutaisoma sasa mbele yenu kabla haijatiwa katika bahasha.