Kabla ya Kununua Baisikeli ya Umeme ya Magurudumu Matatu



Kwa miaka mingi hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wenzetu wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa kwa baisikeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Siku hizi zipo zinazosukumwa na mota ya umeme, nazo huyapumzisha mabega. Lakini ubovu wa chombo humwumiza mwendeshaji, si muuzaji. Kwa hiyo yapimeni mambo haya kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni uthabiti. Pikipiki huinama inapokata kona. Chombo cha magurudumu matatu hakiinami. Katika kona ileile, mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya kukipindua huwa mara nne. Chagueni chenye kiti cha chini na magurudumu ya ubavuni yaliyoachana vya kutosha, na mzigo mzito ukae chini.

La pili ni breki. Gurudumu moja lisiachiwe kazi yote. Pawepo pia breki ya kuegeshea, kwani asiyeweza kushuka upesi hawezi kukizuia chombo kinachoteremka. Mwenye ulemavu wa miguu ahakikishe kuwa kila kitu cha kuendeshea anakifikia kwa mkono.

La tatu ni betri. Zidisheni volti kwa ampea-saa: betri ya volti 48 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 960. Chombo kikitumia wati-saa 30 kwa kilometa, hakitapita kilometa 32. Mzigo na mlima hupunguza zaidi. Betri ya lithiamu ni nyepesi kuliko ya risasi, ila yataka chaja yake yenyewe. Msiichaji mlangoni wala chumbani mnamolala: ikishika moto, hufunga njia ya kutokea.

Mwisho, kijaribuni kikiwa na mzigo, mlimani na kwenye kona. Ulizeni masharti ya usajili kabla ya kulipa. Daini risiti yenye namba ya fremu na ya mota. Siku kikiibwa, namba hizo ndizo zitakazotuongoza sisi polisi. Taa, viakisi mwanga na helmeti si mapambo.

Biashara ni njema, lakini kurudi nyumbani salama ndiyo faida ya kwanza.