Habari za Viumbe Hai

Jioni hii twataka kurudia nanyi misingi ya elimu ya viumbe, ile iitwayo shuleni bayolojia. Twairudia kwa Kiswahili, kwa kuwa kijana atokaye shule ya msingi, alikofundishwa kwa Kiswahili, huingia sekondari akaikuta elimu hii imevikwa maneno ya Kiingereza; basi huyashika maneno akaviacha vitu vyenyewe. Aweza kutaja kwa moyo sifa saba za kiumbe hai, walakini ukimwuliza kama moto una uhai, hunyamaza. Na vitu vyenyewe haviko mbali. Mtu akaaye Sinza, katika mji wa Dar es Salaam, aweza kuviona karibu vyote kabla hajaifikia barabara ya Shekilango.

Sifa hizo saba ni hizi: kiumbe hai hula, hupumua, hutoa taka za mwili, hukua, huzaa, hujongea, na huhisi mambo yanayomgusa. Hapa twaonya juu ya neno moja. Kupumua katika elimu hii si kuvuta hewa puani tu. Ni kazi ifanyikayo ndani ya mwili ya kukivunja chakula ili kupata nguvu. Mhindi uliopandwa uani hauna pua, na hata hivyo hupumua usiku na mchana.

Sasa itazameni bajaji ipitayo barabarani. Hula petroli, hutoa moshi, hujongea kuliko wengi wetu, na ukiikanyaga breki husikia. Je, ina uhai? Hapana, maana haijapata kuonekana bajaji iliyozaa bajaji, wala iliyonunuliwa ndogo ikakua kwa kula. Moto nao hula na kuenea. Lakini vitu hivi viwili vimekosa jambo lililo chini ya sifa zote saba, nalo ni kwamba havikujengwa kwa seli.

Seli ni chembe ndogo ya uhai. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyetoa jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1665, alipotazama gamba la mti kwa hadubini akaona kama vyumba vidogo vilivyopangwa. Vyumba vile vilikuwa vitupu, kwa kuwa gamba lilikuwa limekwisha kufa. Ninyi mwaweza kuona zaidi ya alivyoona yeye. Chukueni kitunguu kutoka sokoni, mkibandue ngozi ile nyembamba iliyo kati ya gamba na gamba, mwitie tone la iodini, kisha mwiweke chini ya hadubini ya shule. Mtaona safu za vyumba kama matofali ya ukuta, na katika kila chumba doa la mviringo. Doa lile ni kiini, kinachotawala kazi za seli. Linalokizunguka ni ute. Linaloushika ute ni utando. Na nje ya utando, kwa kuwa kitunguu ni mmea, pana ukuta mgumu. Seli za mwili wa mtu hazina ukuta huo.

Kijana mwenye akili atauliza: mbona mwalimu alisema mimea ina rangi ya kijani ya kutengenezea chakula, na hapa hatuioni? Ni swali zuri. Kitunguu hukaa ardhini, jua halikifikii, na kazi ya kupika chakula imeachiwa majani yaliyo juu. Seli haibebi chombo isichokitumia.

Na tuje kwa mbu, ambaye watu wa Sinza hawahitaji kujulishwa. Viwanja vya Sinza vilipimwa katika miaka ya 1970, katika mpango wa kugawia watu viwanja vyenye huduma, pamoja na vile vya Kijitonyama na Mikocheni; tangu hapo nyumba zimesongamana, na mvua za masika zinyeshapo maji hutuama katika mifereji na kando ya Mto Ng'ombe. Wengi husema "mbu ni mbu", wakafyeka majani, wakatosheka. Mbu hazai katika majani. Hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi, kisha mabuu, ndipo akaruka mbu mzima. Tena mbu si wa aina moja, na hapa ndipo elimu ya kuainisha viumbe, inayowachosha wanafunzi, inapokuwa na faida.

Anopheles, aenezaye malaria, hupenda zaidi maji yasiyo machafu sana yapatayo jua, na kiluwiluwi chake hulala sambamba na uso wa maji. Culex huzaa katika maji machafu ya vyoo na makaro; kiluwiluwi chake huning'inia kichwa chini, na mbu mwenyewe ndiye aenezaye matende na mabusha katika mji huu. Wa tatu ni Aedes, mwenye madoa meupe, aumaye mchana. Huzaa katika ndoo, matairi na vifuu vilivyojaa mvua, naye ndiye aliyeleta homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Basi mwenye nyumba aliyefunika karo lake vema, akaacha tairi uani, amemzuia mmoja akamkaribisha mwingine. Chota maji kwa kikombe cheupe, utazame jinsi kiluwiluwi kinavyokaa. Utajua kama ni Anopheles au sivyo.

Anopheles akimwuma mtu humtia vijidudu vya malaria, kila kimoja seli moja tu, navyo huenda kwanza katika ini, kisha huingia katika seli nyekundu za damu. Seli hizo ni za ajabu: zikikomaa hazina kiini, zimekitupa ili zipate nafasi ya kubeba oksijeni, nazo huishi siku 120 hivi. Kwa watu wengine seli hizi hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa upesi. Ndio ugonjwa wa selimundu. Yakadiriwa kuwa watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa nao kila mwaka katika Tanzania.

Twataka kusema wazi juu ya jambo hili, maana nyumba zimevunjika kwa ajili yake. Mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa ya manjano, hutafutwa mchawi, au mama huambiwa ana damu mbaya. Kila mtu ana maagizo mawili ya kutengeneza damu, moja la baba na moja la mama. Aliye na agizo moja la selimundu ni mzima kwa kawaida. Hata malaria kali humpata kwa shida, kama alivyoonyesha daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, katika maandiko yake ya mwaka 1954. Ndiyo sababu urithi huu umebaki kwa wingi katika nchi zenye mbu. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba pana nafasi moja katika nne ya mtoto kupokea maagizo yote mawili mabaya. Baba ametoa moja, mama ametoa moja. Hakuna aliyetoa zaidi ya mwenziwe. Wala mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa haina maana kwamba watatu wafuatao wamesalimika, maana kila mimba huanza hesabu yake upya, kama sarafu mbili zinazorushwa tena. Mtu hawezi kujitambua kwa kujitazama katika kioo. Hupimwa damu, na wachumba waweza kupimwa pamoja kabla ya ndoa.