Kifafa ni Hitilafu ya Umeme Ubongoni, Si Laana

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwafikishia habari, na ya leo inahusu ugonjwa ambao familia nyingi huuficha nyumbani: kifafa.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Kifafa kinapompata mtu, kundi la seli hutoa umeme kupita kiasi kwa wakati mmoja. Umeme huo unaweza kuenea kwa kufuata njia zinazounganisha sehemu za ubongo. Ndipo mtu huanguka na kutetemeka, au hukodoa macho tu asijibu.

Mengi katika haya tumefundishwa na wagonjwa wenyewe. Katika miaka ya 1930, mjini Montreal, Kanada, daktari Wilder Penfield aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, hivyo ganzi ya ngozi ya kichwa ilitosha. Aligusa sehemu mojamoja kwa umeme hafifu. Mkono ukicheza, au mgonjwa akishindwa kusema, alijua kwamba sehemu hiyo ni ya kuhifadhiwa.

Siku hizi, dawa zikishindwa, baadhi ya hospitali kubwa duniani huweka nyaya nyembamba ubongoni kwa siku kadhaa ili kutafuta mahali kifafa kinapoanzia. Mgonjwa akiridhia, madaktari hutuma mpigo mfupi wa umeme kwenye waya mmoja, kisha hutazama ni nyaya zipi nyingine zinazoitikia. Ni kama fundi wa stima anayewasha swichi ili aone ni taa ipi itakayowaka. Jibu hufika kabla hujapepesa jicho.

Mwaka 2004, Riki Matsumoto na wenzake walionyesha kwa njia hii kwamba sehemu mbili za ubongo zinazohusika na lugha, ya mbele na ya nyuma, hupelekeana habari pande zote mbili. Huko Grenoble, Ufaransa, wataalamu wamekusanya vipimo vya mamia ya wagonjwa ili kuchora ramani ya njia hizo.

Ndugu zangu, katika ramani hiyo hakuna pepo wala laana. Kuna njia za umeme tu.

Tena, wengi hawahitaji upasuaji. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya. Ameze dawa kila siku, wala asiache bila ushauri wa daktari hata akijihisi amepona.

Akianguka, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, mlaze kwa ubavu, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Povu lake haliambukizi, kwa hivyo usiogope kumshika. Zikipita dakika 5 bila kutulia, mkimbize hospitalini.

Na mtoto mwenye kifafa ana haki ya kwenda shule kama wenzake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusiwafiche watu wetu.