Setilaiti Haidai Bando

Simu janja haihitaji bando ili ijue mahali ilipo. Ndani yake mna kipokezi cha mawimbi ya setilaiti za GPS za Marekani, na katika simu nyingi za sasa, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China pia. Setilaiti za GPS huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu ikinasa nne, hupiga hesabu na kujitambua. Haitumi kitu, inasikiliza tu, kama redio ya mwenye genge inavyonasa maoni haya ya kituo hiki bila kulipia hata neno moja.

Basi Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ya Dar es Salaam ikadorora kutoka Bunju hadi Mbagala, setilaiti hazikuzimika. Wiki hiyo nzima ilisemwa kwamba mtandao umewapotezea madereva njia. Setilaiti haidai bando. Kilichokosekana ni ramani, tena kwa yule tu ambaye hakuipakua. Ramani ya mtandaoni huletwa vipande vipande kadiri gari linavyosonga. Mtandao ukikatika, nukta ya bluu hubaki ikielea juu ya ukungu wa kijivu. Maombi ya abiria wa teksi mtandao nayo yalikwama, lakini huo ni ugonjwa mwingine.

Google Maps huruhusu eneo lihifadhiwe kwenye simu, mradi lihuishwe mara kwa mara. Organic Maps na OsmAnd hutumia data za OpenStreetMap, ambazo kwa Dar es Salaam zina jasho la watu wa hapa hapa: Tandale ilichorwa mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatembeza wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazokumbwa na mafuriko, wakinakili mifereji, vijia na nyumba. Bila mtandao, simu huchelewa kidogo kujitambua, nusu dakika au zaidi, kwa kuwa taarifa za mizunguko ya setilaiti inabidi izipokee kutoka juu, taratibu. Isubiriwe mahali peupe, si chini ya bati.

Linalokitia hofu kituo hiki ni majina ya mahali. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilisimamisha nguzo zenye vibao vya majina na kubandika namba milangoni. Kazi kubwa, haina ubishi. Lakini abiria hasemi namba. Anasema Kwa Aziz Ali. Anasema Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa. Kibao kina jina lake, ramani ina lake, abiria ana lake, na dereva yuko katikati anapekua kioo cha simu kwa kidole gari likiwa kwenye mwendo. Majina yakutanishwe.

Halafu ramani iliyopakuliwa haijui habari za leo. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yalikata barabara ya kwenda Lindi pale Somanga. Ndani ya simu, mstari wa njia uliendelea kunyooka bila wasiwasi. Ramani hiyo haijui kwamba Jangwani pamejaa maji. Na kwa kupenda njia fupi, humwelekeza mwenye gari la Noah kwenye uchochoro ambao hata bajaji hupita kwa kukunja kioo cha pembeni.

Hayo yote ni madogo mbele ya jicho linaloacha barabara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za kutazama kioo ni mita 28, zaidi ya mabasi makubwa mawili yaliyofuatana, na katika Barabara ya Kilwa nafasi hiyo haikosi mtoto wa shule wala mkokoteni wa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali iliyo kubwa mara nne hivi kuliko ya asiyeitumia. Wa bodaboda anayeshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine hata bodi ya gari ya kumkinga hana.

Ramani ipakuliwe nyumbani! Safari ipangwe kabla ufunguo haujazungushwa! Simu ikae kwenye kishikio, ielekeze kwa sauti, na mkono usiiguse! Setilaiti haidai bando, na wala haidai kutazamwa. Wenye mamlaka nao wayapeleke majina ya mitaa kwenye ramani, yale yanayotamkwa na watu. Na dereva aliyeingia Charambe akakuta ramani imekwisha na jina halimo, aegeshe pembeni, azime injini, amwite mama muuza vitumbua.