Faida ya Kusoma Tanzia za Wayunani wa Kale

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo)



 

Nimeombwa nizungumzie jambo lililozua maneno mengi miongoni mwetu. Mmoja wa binti zetu amepata nafasi katika chuo kikuu hapa Uingereza, na somo alilolichagua ni maandishi ya Wayunani wa kale, hasa tanzia zao. Wapo waliouliza, tena kwa nia njema, "Ataajiriwa na nani?" Wapo waliosema kuwa afadhali angesoma uuguzi, sheria au uhasibu. Alasiri hii Kamati itajadili kama Mfuko wa Elimu umsaidie au usimsaidie. Kwa kuwa tangu nistaafu utumishi wa serikali nimekuwa nikilisoma somo hilo katika madarasa ya jioni, nimetakiwa nieleze ni somo gani, ili tuamue tukiwa tunalijua.

Nianze na neno lenyewe. Kabla walimu wa fasihi hawajalichukua, tanzia kwetu ilikuwa habari ya kifo. Aliyeletewa tanzia aliacha kazi iliyokuwa mkononi akaenda msibani. Walimu walipotafuta neno la Kiswahili la kuitia michezo ya kuigiza yenye mwisho wa huzuni, wakalichagua hilo, na kwa maoni yangu walichagua vyema. Michezo hiyo ni misiba, na watazamaji wake walikwenda kukaa matanga pamoja.

Ilistawi mjini Athens katika karne ya 5 K.K. Kila mwaka, majira ya kuchipua, mji uliadhimisha sikukuu ya mungu wao Dionysus, na wananchi wakakusanyika kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis. Watunzi watatu walishindana, kila mmoja akileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha. Afisa wa serikali ndiye aliyewateua watunzi. Matajiri waliamriwa kulipia mafunzo na mavazi ya waimbaji, nao wakalihesabu jukumu hilo kuwa heshima. Waamuzi walipatikana kwa kura. Waigizaji wenye kusema walikuwa watatu tu, wote wanaume, wakivaa vinyago na kubadilishana nafasi. Mbele yao lilisimama kundi la waimbaji 12, na baadaye 15, lililoimba, kucheza na kutoa maoni ya watu wa kawaida. Mtunzi Sophocles mwenyewe alipata kuwa mmoja wa watunza hazina wa shirikisho la Athens, kisha akachaguliwa kuwa jemadari. Nilifurahi kujua kuwa hata mtu wa mafaili anaweza kutunga.

Tanzia kongwe kuliko zote zilizobaki ni ile ya Waajemi, aliyoitunga Aeschylus mwaka 472 K.K. Miaka 8 tu kabla ya hapo, Waajemi walikuwa wameuteketeza mji wa Athens kwa moto, kisha wakashindwa katika vita vya bahari vya Salamis. Aeschylus mwenyewe alikuwa amepigana nao huko Marathon mwaka 490 K.K. Mtu angetazamia mchezo wa kujigamba tu. Sifa za Athens zimo, lakini mtunzi aliupeleka mchezo wote katika ikulu ya Uajemi, akamweka mama wa mfalme akipokea tanzia ya jeshi la mwanawe. Adui analia, na waliomshinda wameketi kimya wakimsikiliza. Mchezo huo ndio uliopewa ushindi mwaka ule.

Katika hazina hiyo tumebakiwa na kidogo. Sophocles alitunga michezo zaidi ya 120, nayo iliyotufikia mizima ni 7. Inayobeba jina la Aeschylus ni 7, na ya Euripides ni 19. Mwandishi Galen anasimulia kuwa mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri aliziazima kutoka Athens nakala rasmi za tanzia hizo kwa ajili ya maktaba ya Alexandria, akaweka dhamana ya talanta 15 za fedha. Alipokwisha kuzinakili, aliwarudishia wenyewe zile nakala mpya, akabaki na za asili, akawaachia dhamana yao. Wenzangu mliotumikia serikali mtakubaliana nami kuwa hila ya namna hiyo haikuanza katika zama zetu.

Wazee wetu wanaosoma Kiarabu watapendezwa na jambo jingine. Huko Baghdad, katika karne ya 10, Abu Bishr Matta alikitafsiri kitabu cha Aristotle juu ya ushairi na tanzia. Michezo yenyewe haikuwa imetafsiriwa. Basi tanzia akaiita madhi, yaani shairi la kusifu, na mchezo wa kuchekesha akauita hija, yaani shairi la kukashifu. Ibn Rushd naye, katika karne ya 12, alikifasiri kitabu hicho kwa njia hiyo hiyo. Hao walikuwa wanazuoni wakubwa. Kilichokosekana ni ile michezo mbele ya macho yao. Sisi tunayo, na Waswahili wameipata hata kwa lugha yao, kwani Samuel Mushi aliitafsiri tanzia ya mfalme Oedipus kwa jina la Mfalme Edipode.

Chuoni somo hili lina njia mbili. Wapo wanaoisoma michezo kwa tafsiri ya Kiingereza, pamoja na historia, dini na siasa za Athens. Wapo wanaojifunza Kiyunani chenyewe, na vyuo vingi hupokea mwanafunzi asiyejua hata herufi moja. Binti yetu amechagua njia hii ya pili, iliyo ndefu zaidi. Ushairi wao hauna vina. Mizani yake hupimwa kwa silabi ndefu na fupi, na mwanafunzi huusoma mstari kwa mstari, kamusi ikiwa mkononi, hata ukurasa mmoja ukamla jioni nzima.

Taabu hiyo ina malipo. Chukueni neno adelphos, yaani ndugu. Asili yake katika Kiyunani ni "aliyetoka katika tumbo lile lile". Mwingereza huelezwa jambo hilo kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, ilhali sisi tunasema "ndugu wa tumbo moja" kila siku. Au chukueni neno nomos, ambalo ni sheria na ni mila kwa pamoja. Sisi tuna maneno mawili, wao walikuwa na moja, na watu wawili wakiligombania neno hilo moja, kila mmoja huamini kuwa ni lake.

Hayo mawili yote yamo katika Antigone ya Sophocles, mchezo ninaoukadiria kuwa wa karibu mno na mioyo yetu. Ndugu wawili wa tumbo moja wameuana langoni mwa mji wa Thebes. Eteocles alikuwa akiulinda mji, na Polyneices alikuja na jeshi la kigeni kuushambulia. Creon anashika ufalme. Anaamuru yule wa kwanza azikwe kwa heshima, na wa pili aachwe juani, aliwe na mbwa na ndege, atakayemzika, atauawa. Sasa sikilizeni: Creon ni kaka wa mama yao. Kwa Kiingereza huitwa tu kwa lile neno linalomfaa baba mdogo na mjomba sawasawa. Kwetu sisi yeye ni mjomba, na mjomba anayemnyima mpwa wake kaburi ni neno zito. Zaidi ya hayo, Antigone, dada wa marehemu, ni mchumba wa Haemon, mwana wa Creon huyo huyo. Binamu nyama ya hamu. Hapo hatuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Antigone anamfunika kaka yake kwa udongo, anakamatwa, wala hakani. Anamwambia mfalme kuwa amri yake ni mbiu tu ya mwanadamu, haiwezi kuzishinda sheria za miungu zisizoandikwa. Creon naye ana hoja. Mji umetoka vitani jana. Akimheshimu aliyeushambulia sawa na aliyeufia, atawatawalaje walio hai? Nimewahi kutekeleza nyaraka za serikali, na siwezi kumwita mtu huyo mpumbavu. Yupo pia mlinzi anayekuja kutoa habari mbaya kwa sababu kura imemwangukia, anakuja kwa hatua za kusitasita, na kabla hajamaliza anashutumiwa kuwa amekula rushwa. Kila mtumishi mdogo aliyewahi kupeleka taarifa kwa mkubwa mwenye hasira atamtambua.

Haemon anamsihi baba yake asikilize, kwa kuwa mji unanong'ona. Baba anauliza kama mtoto ndiye wa kumfundisha. Mwaguzi Teiresias anapokuja kumwonya, Creon anaogopa na kukubali. Wazee wa mji wanamwambia amtoe kwanza msichana pangoni alikofungiwa akiwa hai, kisha amzike maiti. Yeye anaanza na maiti. Anapofika pangoni Antigone amejinyonga, Haemon anajiua mbele yake, na habari inapofika nyumbani mkewe naye anajiua.

Nelson Mandela ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, kuwa alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha Robben aliigiza nafasi ya Creon katika mchezo huu, na kwamba Antigone alikuwa mfano wa mapambano yao. Tazameni basi: mfungwa wa serikali anajifunza kwa moyo maneno ya mtawala, ayaseme kama yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya somo hili. Humlazimisha mwanafunzi aiseme kwa ukamilifu hoja ya mtu asiyekubaliana naye, kabla hajatoa hukumu.

Je, ukoo wetu hauna haja na mtu wa namna hiyo? Kila tanzia inapoingia kwetu, simu huanza kulia. Azikwe hapa au arudishwe nyumbani? Mjane ana neno lake na watoto waliozaliwa hapa wana lao. Ndugu wa tumbo moja walioko nyumbani wana lao pia, na nauli ya jeneza inataka kulipwa kabla hasira hazijapoa. Tumeshuhudia watu wa damu moja wakikaa miaka bila kusalimiana kwa sababu ya kaburi. Sophocles hatupi jibu la wapi azikwe mtu. Anatuonyesha jinsi nyumba inavyoangamia pale kila mmoja anapokuwa na haki mkononi na pamba masikioni.

Kuhusu ajira nitasema kweli. Somo hili halina mlango mmoja wa kazi kama ulivyo uuguzi. Anayelimaliza atakuwa amezoea kusoma maandishi magumu, kupima maana ya neno na kupanga hoja, naye atalazimika kubisha hodi katika milango mbalimbali: ualimu, sheria, maktaba, utumishi wa umma. Mzazi anayehofia jambo hilo hakosei, na binti anapaswa kulijua kabla hajaanza.

Hata hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Mfuko umsaidie kwa kiwango kile kile tunachowapa wenzake, pasipo kupunguza. Nami napendekeza sharti moja: kila mwaka katika mkutano wetu atusomee sehemu ya tanzia aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kiswahili chake kitanufaika, wazee watapata cha kubishania, na vijana watasikia kuwa lugha ya bibi zao inaweza kuubeba msiba wa mji wowote duniani.