Ahadi ya Mgombea ni Deni

(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika Uislamu, wazee na vijana, leo nina suala moja tu: mgombea akija kwetu akasema atailinda dini yetu katika sheria, tumpime vipi?

Tuanze na 2007. Mwanzoni mwa mwaka ule Waislamu kadhaa walikamatwa hapa Kenya wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila ya kufikishwa mahakamani. Watu walikuwa na uchungu. Tarehe 29 Agosti marehemu Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais, akatia saini mkataba wa maelewano na viongozi wa NAMLEF. Aliahidi tume ya kuchunguza mambo hayo. Hiyo ni haki ya raia yeyote, si upendeleo.

Lakini mkataba haukutangazwa, watu wakawa wanausikia tu. Ikazuka nakala nyingine, ya uongo, ikidai ameahidi kuleta sharia. Wakristo wengi wakaingiwa na hofu. Novemba ndipo mkataba wenyewe ulipotolewa hadharani, na hayo ya sharia hayakuwemo. Lakini wapi! Uongo ulikuwa ushafika mbali.

Sasa linganisheni na 2010. Mahakama ya Kadhi ilikuwa na ahadi iliyoandikwa tangu Oktoba 1963, baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mwambao ulipokuwa unaungana na Kenya. Katiba mpya ilipokuja, viongozi wengi wa makanisa waliipinga mahakama hiyo waziwazi. Rais Kibaki na Raila wakasema Ndio, William Ruto akawa mbele kwenye kampeni ya Hapana. Kila mtu alijua nani amesimama wapi. Tarehe 4 Agosti asilimia 67 hivi ya wapiga kura wakasema Ndio, na wengi wao si Waislamu! Katiba ikazinduliwa Ijumaa, 27 Agosti, nasi tumefunga. Ruto akaja kuwa rais 2022, na kifungu cha 170 kiko palepale.

Kifungu chenyewe mkisome. Kadhi anahukumu hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na pande zote lazima ziwe za Waislamu na ziikubali mahakama yake. Mkristo hapelekwi huko kwa nguvu. Jirani yako akiwa na wasiwasi, mueleze kwa upole.

Vijana, dini yetu imetufunza deni liandikwe na mashahidi wawepo, na habari ikiletwa ichunguzwe kwanza. Basi mgombea muulizeni matatu. Ahadi yako imeandikwa wapi, na sote tunaweza kuisoma? Haya uliyotuambia msikitini Ijumaa, utayasema kanisani Jumapili? Na je, yanamdhulumu asiyekuwa Muislamu? Akibabaika, mjue hiyo ni kanzu ya kampeni tu, kura ikipita ataivua.

Na ujumbe wa simu ukikufikia usiku wa kuamkia uchaguzi, kwamba fulani ameiuza dini au ameinunua, usiusambaze kabla ya kujua ukweli wake. Utakuja kuulizwa.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na atujaalie viongozi waadilifu. Amin. Wabillahi tawfiq.